Wakurdi Wanaokwenda Kazini: Kusoma Seher ya Selahattin Demirtaş

Nimehariri habari za nje kwa miaka kadhaa sasa, na Mkurdi anayefika mezani kwangu huwa mmoja kati ya wawili: ama ana bunduki mlimani, ama ni maiti. Huwa hana kazi. Hana shemeji anayemdai hela, hana basi la kuwahi asubuhi, hana mzaha. Ndiyo maana mkusanyiko wa hadithi fupi wa Selahattin Demirtaş uitwao Seher umenishika hadi nikausoma mara mbili, ingawa si hadithi zote zilizomo ni nzuri. Nyingine, na nitasema wazi hapa chini, ni dhaifu kabisa.

Kwa sisi Wakenya jina la Wakurdi liliingia sebuleni Februari 1999. Abdullah Öcalan, kiongozi wa chama cha PKK, alikuwa amejificha Nairobi katika makazi ya balozi wa Ugiriki, na tarehe 15 mwezi huo akakamatwa akipelekwa uwanja wa ndege, akarudishwa Uturuki. Watu wa rika langu tulikuwa shule ya msingi. Tulilisikia jina lake redioni likitamkwa kila namna, na wazee wakiulizana, hivi hawa Wakurdi ni watu wa wapi? Jibu lake si fupi. Ni watu wanaokadiriwa kufika milioni 30 au zaidi, waliogawanyika kati ya Uturuki, Iran, Iraki na Syria, wenye lugha yao na lahaja zake, wasio na dola yao. Lakini hata jibu hilo, ukilitazama vizuri, ni jibu la ramani. Halikwambii mtu anakula nini saa saba mchana.

Demirtaş anaanzia hapo hapo, kwenye saa saba mchana. Ni mwanasheria wa haki za binadamu aliyegeuka mwanasiasa, mzaliwa wa Palu, mashariki mwa Uturuki, mwaka 1973. Alikuwa mwenyekiti mwenza wa chama cha HDP, kile kilichopata viti 80 bungeni katika uchaguzi wa Juni 2015 na kuwatikisa wakubwa. Novemba 2016 alikamatwa, akafungiwa katika gereza la Edirne, magharibi kabisa mwa nchi, mbali na watu wake. Humo ndimo alimoandika hadithi hizi. Zilichapwa kwa Kituruki mwaka 2017 na kuuza nakala zaidi ya 200,000 nchini mwake. Mimi nimezisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Amy Marie Spangler na Kate Ferguson, iliyotoka mwaka 2019 kwa jina la Dawn. Seher maana yake ni alfajiri. Ni neno lenye asili ya Kiarabu, la ukoo mmoja na suhuri, chakula cha usiku wa Ramadhani ambacho sisi Waswahili twakiita daku, kwa hiyo msomaji wa pwani hatalishangaa sana. Ni jina la msichana pia, na huyo tutamfikia.

Jambo la kwanza linalonipendeza ni kwamba mwandishi hajiandiki. Wanasiasa wetu wakishika kalamu hutuandikia maisha yao tangu walipochunga mbuzi bila viatu hadi walipokunywa chai na rais fulani, na picha za rangi katikati ya kitabu. Huyu, ambaye kama ni kisa basi anacho, anajitokeza kidogo tu kisha anawapisha wengine: mfanyakazi wa usafi, msichana wa kiwandani, mpishi, mtoto mdogo. Wengi wao hawatambulishwi kwa kabila. Hawavuki ukurasa wakitangaza "mimi ni Mkurdi". Wanakwenda kazini. Msomaji ndiye anayetambua, kwa umaskini wao, kwa mahali wanapotoka na kwa namna dola inavyowatazama, kwamba anasoma habari za watu fulani na si wengine.

Chukua hadithi ya Nazan. Huyu ni mwanamke anayesafisha nyumba za watu mjini Ankara, naye anajisimulia mwenyewe. Asubuhi moja yuko njiani kwenda kibaruani, anajikuta katikati ya maandamano ambayo hayamhusu ndewe wala sikio. Siku hiyo inaishia mikononi mwa polisi, na hatimaye gerezani. Basi, kwa ufupi ndiyo hiyo. Lakini sauti! Nazan anaongea kama mtu anayekusimulia kituoni huku mnasubiri gari, haraka haraka, bila kujihurumia, akiwaona matajiri wake walivyo na akijiona mwenyewe alivyo. Hajui siasa na hajifanyi kuijua. Anajua sakafu. Anajua mwajiri yupi ni mkarimu na yupi ni mkarimu wa maneno tu. Msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa. Mama fua wanaotoka Kawangware alfajiri kwa miguu kwenda Lavington kutafuta nguo za kufua wanaijua hesabu hiyo, na mtu yeyote aliyewahi kukatiza katikati ya jiji siku ya vitoa machozi anajua jinsi barabara inavyoweza kumgeuza mpita njia kuwa mshukiwa kwa dakika tano.

Kinachoifanya hadithi hii iwe bora kuliko zote kitabuni, kwa maoni yangu, ni kwamba Demirtaş hana haraka ya kumfanya Nazan awe shujaa. Kwanza anamwacha awe mtu mwenye ratiba. Unyonge wake hauanzi na kirungu cha polisi. Ulikuwepo tangu kwenye nauli, kwenye kazi isiyo na mkataba. Kirungu kinamkuta tayari anafanya hesabu. Na baadaye, gerezani, anapoanza kuelewa mambo ambayo hakuyafikiria awali, tunamwamini, kwa sababu tulimjua kabla.

Pengine mtu atauliza, kwani kuna ugumu gani kumwandika mtu wa kawaida? Si kila mwandishi anafanya hivyo? Kwa Wakurdi wa Uturuki ukawaida wenyewe ni jambo la kugombania. Usiku wa tarehe 28 Desemba 2011, karibu na kijiji cha Roboski kwenye mpaka wa Iraki, ndege za kivita za Uturuki zilishambulia msafara wa watu na nyumbu wao. Walikufa watu 34. Jeshi lilisema lilidhani ni wapiganaji. Walikuwa wanakijiji waliovuka mpaka kuleta dizeli na sigara za magendo, biashara ya miaka nenda miaka rudi katika eneo lisilo na kazi nyingine, na wengi wao walikuwa vijana wadogo, wengine bado wanafunzi. Kwa saa nyingi baada ya tukio vyombo vikubwa vya habari vya nchi hiyo vilikaa kimya. Hebu fikiria. Kijana ameondoka nyumbani kutafuta pesa kidogo, na anayemtazama kutoka juu anaona kundi la kigaidi. Kumbe tofauti kati ya mchuuzi wa dizeli na adui wa taifa iko kwenye jicho la anayetazama. Roboski haimo katika hadithi ninazozijadili hapa, lakini sikuweza kumsoma Nazan bila kuikumbuka, na sidhani mwandishi aliyekuwa mbunge wakati ule aliisahau.

Sasa nije kwenye lugha, maana najua wasomaji wa hapa watanirukia nisipoigusa. Demirtaş ameandika kwa Kituruki. Sisi tuliolelewa na mjadala wa Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa Kigĩkũyũ kwenye karatasi za choo ndani ya gereza la Kamiti mwaka 1978, tunajua swali linalofuata. Mbona mtetezi wa Wakurdi anaandika kwa lugha ya waliokipiga marufuku Kikurdi? Na si marufuku ya kubuni. Sheria nambari 2932 ya mwaka 1983 ilizuia kuchapisha na kutangaza kwa Kikurdi, ikafutwa mwaka 1991. Mwaka huo huo Leyla Zana alipoongeza sentensi ya Kikurdi baada ya kiapo chake bungeni pakazuka zogo, na miaka mitatu baadaye akaanza kifungo kirefu.

Nimelitafakari swali hilo, na sioni kama jibu la Ngũgĩ linatoshea hapa moja kwa moja. Ngũgĩ alitaka kusomwa na mkulima wa Limuru. Demirtaş, nadhani, anataka kusomwa na jirani wa Nazan, na zaidi na tajiri wa Nazan, yule Mturuki wa Ankara anayemwachia funguo za nyumba lakini hajui anakoishi. Msomaji huyo hasomi Kikurdi. Halafu kuna msomaji mwingine wa kwanza kabisa, ambaye katika kitabu hiki amepewa hadithi yake mwenyewe: kamati ya gereza inayosoma barua za wafungwa. Kila neno linalotoka Edirne linapitia macho yao. Demirtaş anawaandikia barua, wao wenyewe, kwa adabu zote, kana kwamba wao ni mashabiki wake waliosubiri toleo jipya. Nilicheka kwa sauti. Ni kejeli ya mtu anayejua kwamba mlinzi naye ni mfanyakazi anayesoma barua za watu kuanzia asubuhi hadi jioni, maskini, na huenda akahitaji kisa cha kumwondolea uchovu. Lakini chini ya kicheko pana jambo zito. Mwaka 2011 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya wafungwa nchini Uturuki ambao barua zao zilikataliwa kutumwa kwa sababu zimeandikwa kwa Kikurdi, na ikaona haki yao imevunjwa. Yaani kuna wafungwa ambao hata salamu kwa mama haikutoka, kwa kuwa kamati haikuisoma. Ukilijua hilo, Kituruki cha barua hii kinabadilika ladha. Ni lugha ya mlango ulioko, hata kama mlango huo ni wa gereza.

Waswahili tuna mtu wetu wa kulinganisha naye, na si Ngũgĩ peke yake. Abdilatif Abdalla alifungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa Kenya: Twendapi?, na mashairi aliyoyaandika kwa siri humo ndani yakawa Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Anayemkumbuka mamba wa Abdilatif atatabasamu akikutana na shomoro wa Demirtaş katika hadithi ya kwanza, wanaojenga kiota katika ua wa gereza na kuandamwa na ndege wenzao wenye mamlaka. Wafungwa wa siasa na wanyama, sijui kuna nini! Labda ni kwa sababu mnyama hawezi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi. Tofauti ni kwamba mamba ni wa kutisha, naye Demirtaş anachagua ndege mdogo, wa kawaida, anayeokota makombo, kisha anaelekeza mzaha kwa dume: mbele ya vitisho dume anatetereka, jike ndiye anayesimama. Mwandishi anajicheka yeye na wanaume wote wa vyama vya ukombozi wanaohutubia usawa jukwaani. Kitabu chenyewe kimetabarukiwa wanawake waliouawa na waliotendewa ukatili, kwa hiyo shomoro hawa wametangulizwa makusudi.

Hapo ndipo inapoingia hadithi ya Seher, iliyokipa kitabu jina, na hapo ndipo mimi na mwandishi tunapoachana njia.

Seher anafanya kazi katika kiwanda cha nguo. Kuna kijana hapo kazini, Hayri, anayemvutia, naye Seher anaanza kujenga ndoto kama msichana yeyote. Kijana na wenzake wanambaka msituni. Na kwa kuwa amebakwa, wanaume wa familia yake wanaamua kwamba aibu hiyo itafutwa kwa damu yake. Kurasa ni chache mno. Unasoma ukiwa umeziba pumzi, unamaliza, unakiweka kitabu chini.

Hasira ya mwandishi ni ya haki, na ujasiri wake haupimiki kirahisi. Kiongozi wa jamii inayokandamizwa ambaye badala ya kuisafisha jamii yake mbele ya wageni anaonyesha kisu kilichomo ndani ya nyumba zake, huyo si mwanasiasa wa kawaida. Wengi wangesema, tumalizane na dola kwanza, mambo ya wanawake baadaye. Yeye amekataa. Lakini kama hadithi, ile haraka inamgharimu. Nazan tulimjua kabla ya kirungu. Seher hatumjui vya kutosha kabla ya msitu. Tunajua anapenda, tunajua anashona, basi. Hatujui anachomnunulia mama yake akipata mshahara, wala anabishana vipi na kaka zake kuhusu chumba au runinga. Kaka hao nao wanatokea wakiwa tayari wauaji. Ningetaka kumwona mmoja wao wiki moja kabla, akila chakula alichopakuliwa na dada yake, kwa sababu jambo la kutisha katika mauaji ya aina hii ni kwamba yanafanywa na watu waliokuwa wakipakuliwa chakula. Hadithi inatuhukumia haraka, na msomaji anaondoka akiwa upande sahihi bila kutaabika.

Tatizo hilo linajirudia. "The Mermaid", inayosimuliwa na mtoto wa miaka 5 anayekimbia vita vya Syria, inatoa machozi, nami sikuyazuia. Hata hivyo nilijua inakokwenda tangu sentensi za mwanzo. Mtoto, vita, bahari, tena msimulizi ni mtoto mwenyewe. Hakuna msomaji anayeweza kubishana na hadithi kama hiyo, na hadithi isiyobishika hainipi kazi yoyote. Ile ya mpishi na kebabu ya Aleppo ni bora zaidi, kwa sababu chakula kinaipa mwili. Unauona moto, unainusa nyama, na vita vinapofika vinakuta watu wenye ufundi wao, si wahanga waliopangwa foleni kungojea kufa.

Nilipomaliza nilitoa kabatini kitabu kingine ambacho si hadithi kabisa. Choman Hardi, mshairi na mtafiti Mkurdi kutoka Sulaimani, Iraki, alizungumza na wanawake walionusurika kampeni ya Anfal ya mwaka 1988, pale serikali ya Saddam Hussein ilipoangamiza vijiji vya Wakurdi na kuua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 50,000 na 100,000, na kwa hesabu ya Wakurdi wenyewe ni 182,000. Kitabu chake, Gendered Experiences of Genocide, kilitoka mwaka 2011. Ni utafiti wa kitaaluma, lugha yake ni kavu mahali pengine, na sikitaji hapa ili kumwonyesha Demirtaş namna ya kuandika. Nakitaja kwa sababu Hardi anauliza swali ambalo Seher hukwepa kila mara: na kesho yake?

Waume walichukuliwa wasirudi, wala maiti hazikuonekana. Mke basi si mjane wala si mke. Kuolewa tena ni taabu, urithi ni taabu, na kuomboleza nako hakuna pa kuanzia. Watoto wanataka kula. Mwanamke anakwenda kufanya vibarua kwenye mashamba na nyumba za watu, na majirani wale wale wanaomlilia kwenye maadhimisho wananong'ona kuhusu aliyoyapitia kambini na anayoyafanya akichelewa kurudi. Serikali ya Kikurdi ilipokuja ikawahitaji wanawake hawa kama picha, nguo nyeusi na fremu ya mume aliyepotea kifuani, mara moja kwa mwaka. Siku nyingine zote walikuwa na hadithi ambazo hazikufaa kwenye hotuba, za ugomvi wa posho, magonjwa yasiyoisha na mtoto aliyekataa shule. Huyo ndiye mtu wa kawaida ninayemtafuta, na yuko pale kwa sababu kuna aliyekaa chini akamsikiliza hadi mwisho, pamoja na sehemu zinazochosha.

Demirtaş anamjua mtu huyo. Nazan ni ushahidi, na barua kwa kamati ni ushahidi wa namna nyingine. Nadhani kilichompungukia ni nafasi, na labda subira. Mtu anayeandika akiwa katika chumba cha gereza, bila kujua kesi itaisha lini (hata Mahakama ya Ulaya ilipoagiza Desemba 2020 aachiliwe mara moja, hakuachiliwa), anaweza kusamehewa kwa kutaka kila hadithi ifike mwisho wake. Bali kusamehewa si kusifiwa. Mauaji ya Seher yanatendeka, hadithi inakwisha, na mama yake anabaki jikoni bila mtu wa kumwandika. Nilitaka ukurasa mmoja tu wa asubuhi ile. Kiwandani mashine ya Seher imepewa nani? Nani aliuliza aliko, na aliyejua alijibu nini?

Kwa anayetaka kukisoma, na nakushauri ukisome, usifuate mpangilio wa kitabu. Anza na Nazan. Kisha soma barua kwa kamati ya gereza, ucheke kidogo, maana utahitaji. Shomoro wasome wakati wowote. Seher uiache hadi umewazoea watu wa kitabu hiki na sauti zao, halafu uisome polepole kuliko ilivyoandikwa, ukisimama kila mahali ambapo mwandishi hakusimama, hasa pale kiwandani, wasichana wakiwa bado kwenye mashine zao na zamu haijaisha.